Kikohozi Kilichotokana na Kidonge cha Presha

Nafundisha Biolojia sekondari, Morogoro mjini, na kwa miaka mingi presha nimeijua kama mada ya kutungia maswali ya mtihani. Presha yenyewe ilikuwa ya mama yangu, ya shangazi na ya mwalimu mkuu wetu aliyestaafu. Siku iliponifikia mimi ilikuwa imeshapitiliza, na moyo nao ulikuwa umeanza kuchoka. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyetoka kliniki na mfuko wa dawa nne, akaambiwa "hizi ni za maisha", kisha akabaki kuhangaika mwenyewe kujua kila kidonge kimekuja kufanya nini mwilini mwake.

Ilianzia miguuni. Viatu vilivyoingia vizuri asubuhi vilibana ifikapo mchana, na nikivua soksi naona mfereji umezunguka mguu. Ukibonyeza kwa kidole pale mbele ya muundi, shimo linabaki. Ofisini kila mtu alikuwa na lake la kusema: unene, umri, hedhi inakoma, kusimama sana darasani. Usiku nikaongeza mto wa pili, kisha wa tatu, mwisho nikahamia kwenye kochi la sebuleni nikawa nalala nimekaa, kwa sababu kila nikijilaza pumzi inakata. Mwili unakuwa umeshasema kila kitu hapo. Mtu anayelala amekaa asisubiri wiki iishe.

Hospitali walikuta presha 190 kwa 110. Picha ya kifua ikaonyesha moyo uliotanuka na mapafu yenye maji. Nikalazwa, nikachomwa sindano ya Lasix, na usiku ule wote nilikuwa njia moja, kitandani na chooni. Kulipokucha nililala chali, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Baadaye nikapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kupimwa ECHO. Ni kipimo kisichouma. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa mafuta ya baridi kifuani, na moyo wako unauona ukicheza kwenye skrini. Jibu lilikuja kwa asilimia: chumba cha kushoto cha moyo kilikuwa kinasukuma asilimia 35 tu ya damu inayokijaza. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Daktari alitumia maneno "moyo kushindwa kufanya kazi" na mimi nikasikia "moyo kusimama". Nililia palepale mbele ya watu. Ilibidi anieleze upya kwamba haujasimama, unafanya kazi kwa kushindwa, na kwamba zipo dawa za kuusaidia, mradi nizitumie.

Nikaondoka na enalapril, carvedilol, spironolactone na Lasix.

Dirishani nilielezwa kwa kifupi sana: hii moja mara mbili, hii nusu mara mbili, hii asubuhi. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, sina wa kumlaumu. Lakini haya nimekuja kuyajua baadaye, na ningependa ningeyajua siku ile. Lasix inatoa maji, na matokeo yake unayaona ndani ya saa moja. Zile nyingine tatu huwezi kuzihisi zikifanya kazi, na ndiyo maana watu huzitupa. Ndizo zinazoukinga moyo usiendelee kutanuka. Zinaanza kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole, wiki kwa wiki. Carvedilol mtu huanza na miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, na kidonge kidogo hivyo sikukipata kila duka. Nilipewa cha 6.25 nikawa nakigawa kwa wembe juu ya kibao cha jikoni. Kipande kimoja kinatoka kikubwa, kingine kinavunjika vipande. Baadaye nikagundua kwamba ukikiweka ule mstari juu na kukibonyeza kwa vidole gumba viwili kinakatika vizuri kuliko kwa wembe. Hiyo inywe na chakula. Nilipoinywa tumbo likiwa tupu, nilipoinuka kitandani dunia ilizunguka nikashika pazia, pazia likaja na fimbo yake.

Kizunguzungu cha siku za mwanzo kimewatoa wengi kwenye dawa. Wanasema "presha imeshuka, nikaacha". Mimi niliambiwa kupunguza mwendo: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu, ndipo usimame. Kilipozidi nilirudi kliniki wakanipangia saa tofauti, enalapril na carvedilol zisiingie mwilini kwa wakati mmoja. Kikaisha.

Kikohozi ndicho kilichonimaliza.

Kilianza wiki chache baada ya dawa. Kikavu, hakina makohozi, hakina homa. Koo linawasha kwa ndani kama lina unywele uliokwama, unakohoa uutoe, hautoki. Mchana kidogo, usiku mwingi. Darasani nilikuwa naanza sentensi namalizia kwa kukohoa, na wanafunzi wa nyuma wakawa wananiiga. Walimu wenzangu wakasema ni vumbi la chaki. Nikajifunga mtandio puani kila nikifuta ubao. Mama mkwe akaleta asali, tangawizi na malimao, halafu majani ya mpera, halafu akaniuliza kwa upole kama nimepima "kile kifua kingine".

Alikuwa anauliza TB, na hakuwa peke yake. Jirani yangu, tuliyezoea kupeana vyombo, alianza kuwaita wanawe kila wakiingia kwangu. Hakusema neno, wala mimi sikusema. Hilo liliniuma kuliko kifua chenyewe. Mwanamke aliyekonda ghafla (maana maji yalikuwa yametoka mwilini), anakohoa usiku kucha na anatembea na mfuko wa dawa, mtaani anatafsiriwa haraka.

Nikaenda kupima. Kwenye kituo cha kwanza niliandikiwa antibayotiki na dawa ya kikohozi ya maji. Kwingine nikaandikiwa antibayotiki nyingine yenye nguvu zaidi. Nikapewa kikopo cha makohozi, na hapo ndipo palikuwa na kichekesho: kikohozi changu hakikuwa na makohozi hata tone. Nilisimama nyuma ya jengo asubuhi najikamua hadi machozi, nikarudisha kikopo chenye mate. Wakanirudishia. Siku nyingine nikajitahidi tena, jibu likaja hakuna TB. Sijutii kupima. Kikohozi kinachozidi wiki mbili lazima kipimwe TB, hasa katika nchi yetu. Ila fedha zilitoka. Enalapril yenyewe si dawa ya bei, hata ukiinunua bila bima. Dawa za kikohozi, picha za kifua, nauli za bodaboda na siku za kukaa benchi ndizo zilizokula mshahara.

Kote huko niliulizwa kama navuta sigara na kama napikia kuni. Nilipoulizwa dawa ninazotumia nilijibu "za presha", na aliyeuliza akaandika "za presha". Jibu hilo halitoshi. Dawa za presha ni makundi mengi yanayofanya kazi kwa njia tofauti kabisa, na madhara yake hayafanani.

Aliyekitambua kikohozi changu ni kijana wa famasi, pengine amenizidi kidogo mwanangu wa kwanza. Niliingia kununua dawa ya kikohozi ya kunywa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba baba. Nipe ile ya kikohozi kikavu."

Badala ya kugeukia rafu akaniuliza kimeanza lini, halafu natumia dawa gani nyingine. Nikamjibu kama kawaida, za presha. Akasema, "Unazo hapo, mama? Naomba nizione." Nilikuwa nazo kwenye mkoba. Akazipanga moja moja juu ya kaunta, akageuza karatasi ya enalapril kusoma jina lililochapwa nyuma, akaigonga kwa kucha. "Hii inaweza kukohoza. Dawa ya kikohozi sikuuzii, rudi kwa daktari wako umwambie hivyo. Ila usiiache kabla hujamwona."

Mimi mwalimu wa Biolojia nilirudi nyumbani nikafungua vitabu. Enalapril na ndugu zake, captopril na lisinopril, huzuia kimeng'enya kinachotengeneza kemikali inayobana mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, presha inashuka na moyo unapata nafuu ya kusukuma. Lakini kimeng'enya hichohicho kina kazi ya pili, nayo ni kuvunja kitu kiitwacho bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini inarundikana, na kwenye njia ya hewa ya baadhi ya watu inawasha na kuleta kikohozi kikavu. Takribani mtu mmoja katika kumi anakipata, na wanawake zaidi ya wanaume. Kinaweza kuanza siku za mwanzo au hata miezi baadaye, na ndiyo maana ni vigumu kukihusisha na kidonge.

Kilichonifurahisha zaidi ni asili ya dawa zenyewe. Katika miaka ya 1960 Mbrazili Sérgio Ferreira aligundua kwamba sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaca inaongeza nguvu ya bradikinini mwilini. Mtu aliyeumwa na nyoka huyo presha yake inaweza kuporomoka. Kutokana na njia hiyo watafiti wa Marekani walitengeneza captopril, iliyoidhinishwa kule mwaka 1981, na enalapril ikafuata. Mwaka 1987 ulitoka utafiti wa nchi za Skandinavia na Finland ulioonyesha kwamba wagonjwa wenye moyo uliochoka sana waliopewa enalapril walifariki wachache kuliko wasiopewa. Habari ya nyoka siku hizi naitumia nikifundisha vimeng'enya kidato cha tatu, na hakuna anayelala.

Kliniki daktari hakukubali mara moja, na nilipomwelewa nikamheshimu kwa hilo. Kwa mgonjwa wa moyo kikohozi kinaweza kuwa maji yamerudi kwenye mapafu. Akanipima uzito, akabonyeza miguu, akasikiliza mgongo, akauliza nalalia mito mingapi. Uzito ulikuwa palepale, miguu mikavu, mto mmoja. Kikohozi cha maji huja na kukosa pumzi, huzidi ukijilaza, uzito unapanda na wakati mwingine kinatoa povu. Changu hakikuwa na hayo. Akaniondolea enalapril akanipa losartan, inayofanya kazi karibu ileile lakini kwa kuziba mlango mwingine, bila kuigusa bradikinini. Akanionya kwamba sitapona usiku huo. Kweli, kilipungua taratibu kwa wiki kadhaa, hadi siku moja mume wangu akaniambia asubuhi kwamba hajaamka usiku kucha, akadhani sikulala nyumbani.

Wapo waliofanya kinyume. Shemeji yangu mmoja naye alikohozwa na dawa ya presha, akaiacha kimyakimya, kikohozi kikaisha, akatangaza amepona vyote viwili. Alipelekwa hospitali mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Anatembea kwa fimbo sasa.

Kuna dalili moja ambayo hairuhusu kusubiri tarehe ya kliniki: midomo, ulimi au uso kuvimba. Ni madhara yanayotokana na kundi hilohilo la enalapril. Hutokea kwa wachache, lakini sisi wenye asili ya Afrika tunayapata zaidi ya wengine. Ulimi ukivimba njia ya hewa inaziba. Usinywe kidonge kingine, nenda hospitali saa hiyohiyo na karatasi ya dawa mkononi, na kidonge hicho usikirudie tena maishani.

Wanawake wenye umri wa kuzaa nao nawaambia wazi, maana mwalimu mwenzetu mmoja alianzishiwa presha akiwa na miaka thelathini na ushee na hakuna aliyemuuliza kama anapanga mtoto. Enalapril na losartan zote mbili zinamdhuru mtoto tumboni, figo zake hasa. Zipo dawa nyingine za presha kwa mjamzito. Sema mapema, na ukikosa siku zako wahi kliniki.

Halafu damu. Nilidhani baada ya ECHO vipimo vimeisha, kumbe dawa hizi zinadai kupimwa figo na potasiamu wiki moja au mbili baada ya kuanza, na kila kipimo cha dawa kinapopandishwa. Enalapril, losartan na spironolactone zote hubakiza potasiamu mwilini, na ikizidi sana moyo unaweza kupiga ovyo hata kusimama. Hapo ndipo ushauri wa mtaani unapokuwa hatari. Niliambiwa ninywe madafu kila siku kwa sababu "yanashusha presha". Nikanunuliwa na chumvi maalumu ya wagonjwa wa presha, na niliposoma pakiti nikakuta sodiamu imetolewa ikawekwa potasiamu. Kwa mtu mwenye dawa zangu ile chumvi si ya kuonja. Madafu nayapenda, nakunywa siku moja moja, na daktari anajua.

Magoti yaliponiuma, duka la dawa la mtaani walinipa diclofenac bila kuniuliza lolote. Kabla wiki haijaisha viatu vilianza kubana upya. Diclofenac, ibuprofen na jamii yake hushikilia maji na chumvi mwilini na huzibebesha mzigo figo ambazo tayari zina enalapril au losartan na Lasix. Kwa maumivu sasa natumia paracetamol, na dukani naanza kwa kusema, "Mimi ni mgonjwa wa moyo." Wengine wanashtuka kidogo. Bora washtuke.

Lasix ina mateso yake ya pekee, nayo hayaandikwi kwenye boksi. Mwalimu hawezi kutoka darasani kila dakika ishirini. Nilizungumza na kliniki, siku za vipindi vya asubuhi nikawa naimeza saa nane mchana. Isiwe usiku tu, hutalala. Safari za Dar kwa basi nilikuwa nazifanya bila kuimeza hadi nifike, nikifika nimevimba. Treni ya umeme ilipoanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, wengine walisifia mwendo kasi. Mimi nilisifia choo.

Ramadhani ya kwanza nilitaka kufunga. Daktari, ambaye si Mwislamu, aliniuliza kama dini inanilazimisha, nikamwambia mgonjwa ana ruhusa. Akasema basi mwaka huu itumie ruhusa. Kwa mtu anayetolewa maji kwa dawa, kukaa na kiu siku nzima kwenye joto hukausha mwili, presha inaanguka na figo zinaumia. Kuharisha na kutapika ni hivyohivyo: ukiharisha siku nzima huku unameza Lasix na losartan, wapigie kliniki wakuambie ipi isimame kwanza na kwa muda gani. Mwaka uliofuata, hali ikiwa nzuri, alinipangia dawa za futari na daku, akanipa sharti la kufungua mara moja nikizungukwa na kichwa. Nilifunga baadhi ya siku. Zilizobaki nimelisha masikini.

Nyumbani nina mizani na daftari la kaunta. Asubuhi baada ya choo na kabla ya chai, napanda, naandika. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu hayo ni maji, hakuna pilau inayonenepesha mtu kwa kasi hiyo. Napiga simu kliniki. Presha napima nimekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imetua chini, mkono wazi. Kliniki kwenye msongamano nilizoea kupimwa juu ya mkono wa gauni huku naulizwa maswali, na namba zilitoka za ajabu. Sasa nakunja mkono wa gauni kabla sijaitwa, na daftari naliweka mezani. Madaktari wanalipenda. Kwenye jalada la nyuma nimebandika orodha: jina la dawa, miligramu, saa, na kwa kalamu nyekundu "ENALAPRIL – KIKOHOZI". Sijibu tena "za presha".

Bima imenibeba, nisiikufuru. Lakini kuna miezi dirisha linasema losartan hakuna, na ukikubali kuondoka mikono mitupu unakaa bila dawa hadi tarehe ijayo. Nilijifunza kuuliza palepale: nipeni fomu niende duka lenye mkataba na mfuko. Na siku zote naweka akiba ya wiki mbili kabatini, ninunue au nipewe.

ECHO ya mwisho ilisoma asilimia 48. Nilimuuliza daktari, kwa kuwa moyo umerudi karibu na kawaida, tuanze kupunguza dawa? Akacheka, akasema dawa ndizo zilizouinua, na wengi walioziacha baada ya moyo kupanda waliuona ukishuka tena. Losartan, carvedilol na spironolactone zinabaki. Alichonipunguzia ni Lasix, sasa nameza nusu kidonge, na uzito ukipanda narudi kwenye kimoja. Kwa mwalimu mwenye vipindi viwili vya kufuatana kabla ya saa nne, hiyo ndiyo niliyokuwa naiombea.